Hema la Mama Mkwe

Video mmeshaiona, kwa hiyo sina haja ya kukana. Ndiyo, yule mwanamume mwenye shati la kitenge anayebonyeza swichi huku kinywa kiko wazi ni mimi. Ndiyo, yule mama aliyeketi kiti cha nyuma kama rais anayekagua gwaride, mvua ikimwagikia kilemba, ni mama mkwe wangu, kaja kutusalimia kutoka Tanga. Na hapana, kile kilichosimama juu ya kichwa chake si tanga la ngalawa. Ni paa la gari. Nusu ya paa, tuseme ukweli wote.

Aliyerekodi alikuwa kiti cha mbele, ubavuni mwangu, na badala ya kunisaidia alikuwa anatafuta mahali picha itakapotoka vizuri. Nitamwita Domokaya, kwa kuwa jina lake mnalijua na sitaki kumwongezea umaarufu. Chini ya video kaandika kwamba fundi wa Columbus, Ohio, kauziwa mkweche. Hapo ndipo ninapobisha. Gari halikuwa mkweche. Mkweche ni mimi, na nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu wateja wangu wawili wameshanipigia simu kuuliza kama bado nafanya ukaguzi wa magari.

Gari lenyewe ni Cadillac Eldorado ya 1976, ya paa la kukunja. Kwa ambao hamjawahi kusimama karibu nalo: lina urefu wa mita 5.7, yaani linaizidi Hiace fupi ya daladala kwa mita nzima, na ndani yake wanakaa watu sita tu. Uzito unapita tani 2.3. Injini ni silinda nane, lita 8.2, na inavuta magurudumu ya mbele kwa gia boksi iliyolala ubavuni mwa injini na kuzungushwa kwa cheni. Lita 8.2 hizo zote zinatoa nguvu za farasi 190. Ndiyo, najua. Msinitumie tena ile picha ya tembo anayevuta baiskeli.

Mwezi wa tatu nilisikia kuna mzee kaskazini kidogo ya Detroit anayeliuza. Mnaonifuatilia mnajua jinsi ninavyowakera watu na mkoba wangu wa ukaguzi: sumaku iliyofungwa kitambaa, tochi, kipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kioo kidogo chenye mpini, chupa ya maji ya lita moja, na kipande cha zulia cha kulalia chini ya gari. Nikautia mkoba kwenye buti la Corolla, nikamchukua Domokaya, tukaondoka alfajiri.

Mzee alianza kwa wimbo ambao kila muuza Eldorado ya 1976 anaujua: kwamba hili ni moja kati ya zile 200 za mwisho. Mnielewe, mwaka ule Cadillac ilitengeneza Eldorado za paa la kukunja 14,000, na ilitangazwa kwamba baada ya hapo Marekani haitaunda tena gari la namna hiyo. Viyoyozi vilikuwa vimeshawafanya watu wapende paa la bati, na kulikuwa na hofu kwamba sheria mpya za usalama wa gari likipinduka zingeyapiga marufuku. Ya mwisho ilitoka kiwandani Detroit tarehe 21 Aprili 1976. Watu walinunua kwa takriban dola 11,000, wakayafunika na kuyafungia gereji kama wanaoweka dhahabu. Mwaka 1984 Cadillac ikatoa tena Eldorado ya paa la kukunja, na baadhi ya waliofungia dhahabu wakakimbilia mahakamani.

Sasa zile 200 za mwisho zina alama zake. Bodi nyeupe, turubai jeupe, hata vifuniko vya rimu vyeupe; ubavuni mistari myembamba ya nyekundu na buluu; ndani viti vya ngozi nyeupe vyenye kingo nyekundu, zulia jekundu na dashibodi nyekundu. Gari la mzee lilikuwa jeupe nje, lakini ndani lilikuwa na zulia la buluu. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, hili ni zuri, ila si mojawapo ya zile." Akacheka, akapunguza dola 1,000 palepale. Domokaya akanitazama kwa heshima. Ilikuwa mara ya mwisho.

Nikasoma namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, pembe ya kushoto ya dashibodi. Gari la kabla ya 1981 halina zile herufi na tarakimu 17 mlizozizoea. Hili lina 13, na zinaanza 6L67S6Q. Cha kutafuta hapo ni 67, alama ya bodi ya paa la kukunja. Ukikuta 47, hilo lilizaliwa na paa la bati na kuna mtu kalikata kwa msumeno uani kwake. Hili lilikuwa 67. Nikasogea.

Sumaku nikaipitisha chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na sakafu ya buti. Ikinasa imekuta bati. Ikiteleza imekuta puti ya kuficha kutu. Kwenye tao la kulia iliteleza sehemu ndogo, kama upana wa kiganja. Nikainua zulia miguuni pa kiti cha nyuma nikaminya kwa vidole: kavu. Nikamimina lita yangu ya maji kwenye lile handaki nyuma ya kiti ambamo paa hulala likikunjwa, nikalala chini kuangalia kama yanatoka. Yakatoka pande zote mbili. Matundu yale yakizibwa na majani, maji hukaa humo, na gari linaoza kwa ndani huku nje linang'aa.

Vile vipande vya plastiki vinavyoziba nafasi kati ya bampa na bodi vilikuwa vimegeuka biskuti. Niligusa kimoja, kikabaki mkononi. Plastiki ya miaka ile jua huila yote, hakuna wa kulaumiwa. Vya fiberglasi vinapatikana, ila lazima uvisugue na kuvipaka rangi kabla ya kufunga. Nikapunguziwa tena. Tairi zilikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 2309, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira wa umri huo unaweza kupasuka ukiwa unapendeza. Nikapunguziwa tena.

Injini ndiyo iliyonilevya. Nikafungua plagi zote nane, nikapima kompresheni injini ikiwa imepata moto na kabureta iko wazi kabisa. Silinda iliyosoma juu kabisa ilikuwa na 150, iliyosoma chini kabisa 135. Kanuni ya magari haya ni kwamba ya chini isipungue asilimia 70 ya ile ya juu, yaani hapa hata 105 ingepita. Nikauliza habari za cheni ya taimingi, kwa sababu gia ya kamshafti ya injini hizi ilitoka kiwandani na meno yaliyofunikwa kwa nailoni ili isipige kelele. Miaka ikipita nailoni hukauka, humeguka, huangukia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba mdomo wa pampu ya oili, injini ikafa kwa kiu huku oili imejaa. Mzee akatoa risiti ya gia za chuma. Nikamwomba akanyage breki ya kuegeshea, awashe, aweke gia. Kanyagio likajiinua lenyewe, tuk, kwa nguvu ya vakyumu, kama lilivyokusudiwa. Nilikaribia kumkumbatia.

Kilichobaki kilikuwa paa.

Mzee akasema, "Leo baridi iko chini ya sifuri. Ukilikunja turubai la vinili sasa hivi litapasuka kwenye mikunjo." Na hilo, ndugu zangu, ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyohivyo mara ngapi. Nikatikisa kichwa kama profesa anayesikiliza mwanafunzi mwenye akili, nikasema, "Sawa mzee, paa tuliache." Nyuma yetu kulikuwa na gereji yenye hita. Hita ilikuwa inawaka. Tulikuwa tumetoka kunywa kahawa humo ndani. Kuliingiza gari, kulifungia saa mbili, kisha kubonyeza swichi huku Domokaya amesimama nyuma akitazama pande zote mbili: basi, hakukuwa na zaidi. Hilo ndilo ninalowaambia wote. Limo hata kwenye karatasi yangu ya ukaguzi, namba 14, na Domokaya ameshaibandika chini ya video.

Sasa niwaeleze kwa nini namba 14 ni muhimu, halafu mcheke kwa elimu.

Magari mengi ya zamani ya paa la kukunja yana pampu ya mafuta ya haidroli na mitungi miwili, mmoja kila ubavu. Mtungi ukivuja paa linakwenda polepole au halitoki kabisa, na unaona mafuta kwenye zulia. Lakini magari makubwa ya General Motors ya 1971 hadi 1976, Eldorado ikiwemo, yana paa tofauti linalojikunja kuelekea ndani kama mkasi. Kwa kuwa mifupa yake hailali ubavuni mwa kiti, kiti cha nyuma ni kipana ubavu hadi ubavu. Humo hamna mafuta. Kuna mota moja ya umeme katikati, nyuma ya mgongo wa kiti, na waya mbili nene zinazozunguka ndani ya ala zake, moja kwenda kushoto na nyingine kulia. Kila waya inazungusha aktueta yenye meno, na aktueta ndiyo inayoinua mifupa ya upande wake.

Mmeshaona tatizo. Mota haijui lolote. Meno ya upande mmoja yakilika au ncha ya waya ikiteleza, mota inaendelea kuuinua upande ulio mzima kwa nguvu zote, na ule mwingine umelala. Paa linajisokota kama nguo inayokamuliwa. Dawa ni moja: ukiona upande mmoja umebaki nyuma, ondoa kidole kwenye swichi. Hapohapo. Usihesabu hata mbili.

Tulipatana dola 14,200. Habari za hati, namba na ukaguzi wa Ohio niziruke. Kilomita kama 330 mpaka nyumbani zilikunywa zaidi ya lita 75 za petroli, na nilikuwa natabasamu njia nzima.

Mwezi wa tano kukapambazuka siku ya joto. Mama mkwe alikuwa na wiki moja tangu afike. Nikafungua vile vishikio viwili juu ya kioo cha mbele, nikabonyeza swichi, paa likashuka vizuri, isipokuwa kwa nyuma kushoto kulikuwa na mlio: krr, krr, krr. Nikasema ni uzee. Angalieni ujinga wangu ulivyo na mpangilio: paa likishuka, uzito wake wenyewe unasaidia, kwa hiyo hata aktueta iliyolika inaonekana nzima. Mtihani ni kupandisha. Na mimi sikulipandisha. Kwa nini nilipandishe, wakati jua linawaka na mkwe kavaa?

Maana alikuwa kavaa, jamani. Gauni la kitenge, kilemba cha hariri kilichofungwa kwa nusu saa, na khanga mabegani. Kwa heshima zetu hawezi kuketi ubavu kwa ubavu na mkwewe, kwa hiyo akashika kiti chote cha nyuma peke yake, katikati, mikono miwili kwenye mkoba. Domokaya akakaa mbele. Tukazunguka mji. Watu wanapiga honi, watoto wanapunga mikono, na mama, nakuapieni, akawa anawapungia kwa vidole vinne tu kama aliyezoea. Nikaona nimeoa mara ya pili katika familia ileile.

Akasema anatamani chai. Nikamwambia, "Mama, hapa tunanunua chai bila hata kushuka." Nikaingiza mita 5.7 kwenye njia ya draivu-thruu.

Njia hizo mnazijua. Kushoto ukuta, kulia ukingo wa saruji na vichaka, mbele kona kali. Ukishaingia umeingia, hasa ukiwa na gari ambalo pua yake inafika kabla ya jana. Mbele yetu magari mawili, nyuma yetu yakajipanga kama sita. Juu, kabla ya kipaza sauti cha kuagizia, lilining'inia lile bomba la manjano kwenye minyororo miwili, la kuonya magari marefu.

Tone la kwanza lilianguka kwenye dashibodi. La pili kwenye mkono wangu. La tatu kwenye hariri.

"Mwanangu," mama akasema, "mbingu imefunga."

"Nalifunga sasa hivi mama, sekunde chache tu."

Nikabonyeza. Mota ikalia. Hapa niwaombe mwende polepole pamoja nami, kwa sababu Domokaya kaiharakisha sehemu hii kwenye video ili ichekeshe, na kwangu haikwenda haraka hata kidogo. Dereva wa Marekani anakaa kushoto. Ukitaka kutazama paa linatokaje kwenye handaki lake, unageuza shingo kulia. Nikageuza shingo kulia. Upande wa kulia ulikuwa unapanda vizuri mno, mfupa kwa mfupa, turubai linajifungua. Domokaya naye akatazama kulia, simu mkononi, akasema, "Inapanda, inapanda." Kushoto kulikuwa nyuma ya bega langu. Hakuna aliyetazama kushoto.

Isipokuwa mtu mmoja. Mtu aliyekaa nyuma, katikati, anayeona pande zote mbili kwa mara moja, mahali hasa ambapo karatasi yangu ya ukaguzi inasema asimame msaidizi.

"Mwanangu," akasema, "huku hakuji."

"Linakuja mama."

"Huku limelala."

"Ni uzee mama, linaanza polepole."

Na kweli mwendo ukaanza kupungua. Mota ikabadilisha sauti, ikawa inaguna kama mtu anayevuta jiwe la kusagia. Fundi mwenye akili angeondoa kidole. Mimi fundi nikajipa jibu la kifundi: umeme hautoshi. Nikakanyaga mafuta ili alteneta itoe zaidi. Lita 8.2 zikanguruma kwenye kile kinjia, ukuta ukarudisha mngurumo, watu wa gari la mbele wakageuka wote. Alteneta ikatoa zaidi. Mota ikapata nguvu mpya ya kuharibu nilichokilipia.

Saketi ile ina sakiti breka inayotakiwa kukata mota ikielemewa. Haikukata. Baadaye niliikuta imerukwa kwa kipande cha waya, kazi ya mtu wa miaka iliyopita, ndugu yake yule anayefunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara. Ningeikuta mapema kama ningefanya namba 14. Au namba 15.

Mvua ikaamua. Haikuwa manyunyu tena. Ukingo wa mbele wa paa ulikuwa umesimama mshazari, kulia juu, kushoto chini, na turubai katikati limekuwa mfereji. Mnajua maji huelekea wapi. Yaliteremka kutoka kulia yakija kushoto, na kushoto nilikuwa nimekaa mimi, kola wazi. Nikasikia yanashuka uti wa mgongo pingili kwa pingili. Kidole bado kiko kwenye swichi. Sijui kwa nini. Nadhani kidole nacho kilikuwa kimekata tamaa na kimeganda.

Gari la mbele likasogea. La nyuma likapiga honi. Nikasogea pia, kwa mazoea tu, kama mtu yeyote kwenye foleni. Mita mbili. Na lile bomba la manjano, ambalo gari hili linapita chini yake bila kuinama paa likiwa limefungwa au limekunjwa, likaukuta upande wa kulia umesimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu.

Ko.

Minyororo ikalia. Halafu, nyuma kushoto, kitu kikasema *kaa*, mara moja, kikavu, kama kuni. Mota ikawa nyepesi ghafla. Ikaanza kuzunguka bila mzigo, inaimba kabisa.

Na hapo hapo, kwa sauti tamu, kipaza sauti kikauliza ningependa kuagiza nini.

Sikujibu. Domokaya alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika, ndiyo maana sekunde ya 31 picha haionekani vizuri. Kipaza sauti kikauliza tena, kwa Kiingereza, kuna kitu chochote tunahitaji. Mama mkwe, aliyekaa wima vilevile, kilemba kimemshukia usoni, akakiinua kwa kidole kimoja akajibu kwa Kiswahili safi cha pwani:

"Mwavuli, mwanangu. Na chai ya rangi."

Kikanyamaza kidogo. Kisha kikasema samahani, hicho cha kwanza leo kimeisha.

Yaliyofuata hayana maana. Vijana wawili wa gari la nyuma walishuka wakatusaidia kulivuta paa chini, nikalilaza kwa nguvu huku nikijua ninavunja kingine. Halikukubali kulala lote. Mama akavua khanga mabegani akanipa nifungie. Nikafunga fundo kwenye mfupa na kwenye kishikio cha mlango, tukatoka na chai tatu, tukaenda nyumbani kilomita 40 kwa saa. Khanga ikawa inapepea nyuma, maandishi yake yanasomwa na Ohio nzima: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Namshukuru Mungu kwamba Ohio nzima haisomi Kiswahili. Baadaye Domokaya kaitafsiri.

Jioni nikang'oa kiti cha nyuma, mto kwanza, kisha mgongo. Aktueta ya kushoto grisi yake ilikuwa imegeuka sabuni ya kufulia, kavu na imepasuka, na meno yamelika kama ya mzee wa miwa. Ukibonyeza swichi hata hayagusani. Mfupa wa mbele kushoto umepinda kwenye bawaba. Huo haunyooshwi, chuma chake hukatika, lazima upate wa gari jingine lililochinjwa. Upande wa kulia niliutelemsha kwa kuchomoa waya kwenye mota na kuizungusha ncha yake kwa drili ya betri, mwendo wa chini kabisa. Kama na wewe umekwama, fanya hivyo, na fanya pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja kwanza. Nimejibu swali hilo mara tisa tangu asubuhi.

Mke wangu bado hajacheka, na hilo ndilo linalonitisha. Mama kashapiga simu Tanga. Shemeji wote wanaliita gari "hema", na kuna mmoja kauliza kama tunakodisha kwa misiba.

Kwa hiyo naomba: aliye Ohio, Michigan au Indiana na anajua lilipochinjwa gari la General Motors la paa la mkasi, Eldorado ikiwezekana, nahitaji aktueta ya kushoto na mfupa wa mbele wa kushoto. Hata aktueta iliyolika naichukua, kuna watu wanaozikarabati wakipewa gamba zima. Ya kulia ninayo. Ni nzima kabisa, imethibitishwa mbele ya mashahidi. Ukiwa nayo niandikie mimi. Usimwandikie Domokaya.